Sura ya Sita: Z Yangu Imekwenda Wapi?

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi. Chai yangu bado inafuka, simu ya mezani inalia. Namba ni ya uhasibu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, Z yangu imekwenda wapi?”

Mama yule, mhasibu mkuu, alikuwa ameianza siku kwa mtindo mmoja kwa miaka minane: anaweka mkoba chini ya meza, anawasha kompyuta, anabofya Z, anaingia kwenye mafolda yake. Hakuwahi kuuliza Z ni nini wala inakaa wapi, na hakuna aliyewahi kumweleza. Kwake ilikuwa kama lile kabati la chuma nyuma ya kiti chake, ila hii haikuhitaji ufunguo. Mimi nilikuwa nimekesha Jumamosi na Jumapili nikilihamisha kabati hilo. Nilijua hakuna hata faili moja lililopotea. Yote yalikuwa kwenye seva mpya, na yalifunguka upesi kuliko zamani. Nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Sasa kama yapo, mbona siyaoni?”

Wenye biashara wengi, na mafundi wengi pia, huona kuhamisha seva ya mafaili ni kazi ya upagazi: toa huku, weka kule, washa, nenda nyumbani. Upagazi upo, na una adha zake nitakazozieleza. Lakini mzigo wenyewe ni mwepesi. Kinacholemea ni majina ambayo watu wameyazoea, ruhusa ambazo hakuna anayekumbuka nani alizitoa, na mazoea yaliyojijenga kimya kimya mwaka hadi mwaka.

Ofisi ninayoizungumzia ni ya uwakala wa forodha, katikati ya Dar es Salaam. Ilianza na watu sita na chumba kimoja. Mafaili ya pamoja yalikaa kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi. Akienda likizo akazima mashine yake, ofisi nzima ilikuwa likizo. Mwaka 2011 bosi, ambaye sote tulimwita Mzee, akakubali kununua seva. Ikawekwa stoo, chini ya ngazi, kati ya katoni za maji ya kunywa na magunia ya nyaraka za zamani, na mtu akabandika juu yake kipande cha tepu ya karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: USIZIME. Ikafanya kazi. Ikajaa. Idara ya usafirishaji ilipochoka kuambiwa nafasi imekwisha, ikachota kwenye pesa za matumizi madogo, ikanunua Kariakoo kiboksi chenye diski mbili na kukichomeka kwenye swichi bila kumwambia mtu. Mwaka 2018 Mzee akanunua kampuni ndogo yenye ofisi Tunduma, mpakani na Zambia. Nayo ikaja na seva yake ya Linux, iliyosimikwa na kijana ambaye alishahama mji. Nywila yake ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha boksi, ndani ya droo ya meneja.

Hivyo ndivyo biashara hukua. Hakuna aliyekaa akapanga kuwa na nyumba tatu za mafaili. Kila moja ilijibu shida ya siku yake, na kila moja ilikuwa jibu sahihi siku hiyo.

Msomaji aliyewahi kufanya kazi serikalini atanielewa haraka nikitaja masijala. Faili likipotea, kazi haisimami. Karani hufungua faili la muda, barua zinaendelea kuingia humo. Lile la awali likionekana, utaratibu unataka yaliyomo kwenye la muda yahamishiwe mahali pake, kwa mpangilio wa folio, na la muda lifungwe. Karani mvivu akiyaacha yote mawili yatembee mezani, haitapita muda utakuta maofisa wawili wameamua jambo moja kwa njia mbili, kila mmoja akiwa na faili lake mkononi na kila mmoja akiwa sahihi. Ofisi yetu ilikuwa na mafaili ya muda matatu, na lile la awali halikujulikana ni lipi. Bei za kusafirisha kontena hadi Lusaka zilikuwepo kwenye seva ya chini ya ngazi, kwenye kiboksi cha usafirishaji na kwenye seva ya Tunduma. Bei tatu. Mteja mmoja alipewa mbili kati ya hizo ndani ya wiki moja, na ndipo Mzee akaniita.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Seva ya chini ya ngazi ilikuwa ikiendeshwa na Windows Server 2008 R2, na Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba ifikapo tarehe 14 Januari 2020 haitaitengenezea tena viraka vya usalama. Tarehe ya namna hiyo husaidia sana kumshawishi mwenye pesa. Kumwambia kwamba mashine imezeeka hakumgusi. Gari lake lenyewe limezeeka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Nilitembea ofisi nzima na daftari, nikiuliza swali moja mbele ya kila folda: hili ni la nani? Nawaambia ukweli, hakuna swali linalonyamazisha ofisi kama hilo. Kila mtu anayatumia mafolda, lakini wenye nayo hawaonekani. Nilikuta nakala nne za kitabu kile kile cha ushuru. Nilikuta video ya harusi, saa tatu na zaidi, na bwana harusi alishaacha kazi. Nilikuta faili linaitwa “Ankara mpya FINAL ya mwisho kabisa (2)” likiwa jirani na “Ankara mpya FINAL ya mwisho kabisa (3)”, na ya kweli ilikuwa ya (2). Na ndani ya folda lililoitwa TEMP, lililofunguliwa kwa kila aliyekuwa na kompyuta jengoni, nikakuta mishahara ya mwaka mzima wa 2014, jina kwa jina.

Nilimwita mama wa utumishi pembeni nikamwonyesha. Akashika kichwa. Hakuna aliyekusudia ubaya: mtu aliiweka pale siku ambayo folda la utumishi lilikataa kufunguka, akasahau kuiondoa. Siku hizi kosa hilo lina uzito mwingine, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekuwa ikitumika Tanzania tangu Mei 2023. Lakini hata kabla ya sheria, mtu mwenye heshima hapendi mshahara wake usomwe na dereva.

Hapo ndipo tunafika kwenye ruhusa, na hapa naomba msomaji avute kiti, kwa sababu ndipo wengi huanguka.

Seva haimjui mtu kwa jina lake. Kwenye Windows kila akaunti hupewa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ruhusa zote za mafaili huandikwa kwa namba hiyo. Ichukulie kama namba ya NIDA: mtaa mmoja unaweza kuwa na akina Juma watatu, lakini kila Juma ana tarakimu zake 20. Ukiifuta akaunti ya mtu aliyeacha kazi, kisha akarudi baada ya miezi sita ukamfungulia nyingine yenye jina lile lile, seva itamwona ni mgeni. Mafaili yake ya zamani yatamkatalia. Na ukiangalia orodha ya walioruhusiwa kwenye mafaili hayo, utaona ile namba tupu, haina jina, kama kaburi lililong'olewa kibao.

Linux nayo ina namba zake, fupi tu, na huanza kuhesabu upya kwenye kila mashine. Mtumishi namba 1003 wa Tunduma na namba 1003 wa mashine nyingine ni watu wawili wasiojuana. Kwetu sisi mambo yalizidi kunoga kwa sababu Tunduma kulikuwa na akaunti ya “hassan” na Dar es Salaam kulikuwa na “hassan”. Mmoja alikuwa karani wa malori, mwingine alikuwa msaidizi wa Mzee mwenye kuona mikataba yote. Fundi mwenye haraka angeunganisha kwa majina, na asubuhi karani wa malori angeamka akiwa msaidizi wa bosi.

Tena ruhusa zenyewe zina tabaka mbili. Kuna ruhusa ya lango, yaani ile ya kuingia kwenye folda kupitia mtandao, na kuna ruhusa ya chumba, iliyoandikwa kwenye diski penyewe. Mgeni hupita kwa ile iliyo kali zaidi. Lango likimruhusu kila kitu lakini chumba kikisema asome tu, atasoma tu. Mafundi wengi huliacha lango wazi na kufunga vyumba. Nami nafanya hivyo, kwa sababu kufuli mbili zenye funguo tofauti kwenye mlango mmoja huishia kumfungia nje mwenye nyumba.

Na kuna hili ambalo limeniponza zaidi ya mara moja. Ukinakili faili kulipeleka folda jingine, nakala huchukua ruhusa za nyumba linakoingia. Ukilikata na kulibandika ndani ya diski ile ile, huondoka na ruhusa zake za zamani, kama mwali aliyehamia ukweni na desturi za kwao. Ndiyo maana unaweza kukuta ndani ya folda la wote faili moja ambalo watu wawili tu wanaweza kulifungua, na wengine wanaapa kwamba kompyuta zina majini.

Tulichofanya ni kuachana na ruhusa za mtu mmoja mmoja. Tukatengeneza makundi kwa kazi: uhasibu wanaosoma, uhasibu wanaoandika, usafirishaji, forodha, utumishi. Mtu akija anaingizwa kwenye kundi, akiondoka anatolewa. Folda halijui watu, linajua makundi. Kuandika orodha hiyo kulichukua wiki tatu, na muda mwingi ulikwenda kwenye vikao vya kuamua kama meneja wa usafirishaji anastahili kuona ankara. Kompyuta haikuwa na maoni juu ya hilo.

Seva ya Tunduma inastahili maneno machache, maana watu wa Windows huiogopa Linux bila sababu. Ilikuwa ikitoa mafaili kwa kutumia Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Canberra, Australia, mwishoni mwa mwaka 1991. Lugha inayotumiwa na kompyuta za Windows kuombana mafaili huitwa SMB, na mizizi yake ni IBM ya miaka ya mwanzo ya 1980. Tridgell aliichunguza jinsi inavyosemwa kwenye waya akaifundisha mashine nyingine kuisema. Alipotakiwa kubadilisha jina la kwanza la programu yake, alitafuta kwenye kamusi neno lenye S, M na B kwa mfuatano huo. Leo viboksi vingi vya diski vinavyouzwa madukani, pamoja na kile cha usafirishaji, vina Samba tumboni, na wenye navyo hawajui.

Linux ina tabia moja ya kuangaliwa: kwake “Manifesti” yenye herufi kubwa na “manifesti” yenye herufi ndogo ni mafaili mawili. Windows huyaona ni moja. Ukiyabeba yote kuyapeleka kwenye Windows, la pili litalikalia la kwanza, na hutapigiwa kelele. Tulikuta jozi kadhaa za namna hiyo, zote zikiwa zimetengenezwa na programu moja ya zamani ya kupakia malori. Tulizibadilisha majina kwa mkono kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa upagazi wenyewe. Tulikuwa na terabaiti 1.4, mafaili zaidi ya laki tisa. Swichi iliyokuwa stoo ilikuwa ya megabiti 100 kwa sekunde, na hiyo, mambo yakienda vizuri, hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde. Piga hesabu: saa 35 za kubeba bila kupumzika. Tukanunua swichi ya gigabiti. Kwa hesabu za makaratasi kazi ingekwisha kwa saa tatu na nusu. Kwa kweli ilichukua 19. Mafaili laki tisa madogo si sawa na faili moja kubwa. Kila faili linafunguliwa, linaandikiwa ruhusa, linafungwa, kama kuhamisha nyumba kwa kubeba punje moja moja za mchele.

Chombo chetu kilikuwa Robocopy, programu ndogo isiyo na picha wala vitufe, inayokuja bure ndani ya Windows. Naipenda, ila ina ukaidi wa kitoto. Ikikuta faili limefunguliwa na mtu, hungoja sekunde 30 ijaribu tena, na isipoelekezwa vinginevyo itajaribu mara milioni moja. Faili moja tu. Sekunde milioni 30 ni siku 347. Fundi mgeni huwasha kazi Ijumaa jioni, anarudi Jumatatu na kuikuta imekaa mbele ya faili la kwanza la barua pepe la mtu ambaye hakufunga kompyuta, ikingoja kwa adabu. Unaiambia ijaribu mara mbili, ingoje sekunde tano, ipite, na iandike kwenye daftari kila ilichokiacha. Daftari hilo ndilo usingizi wako.

Lilitupa pia majina ya mafaili yaliyokuwa ndani ya mafolda ndani ya mafolda, hadi anwani nzima ikapita herufi 260, kipimo cha zamani ambacho programu nyingi za Windows bado zinagoma kukivuka. Robocopy inayabeba bila shida. Anayeshindwa ni mtumiaji, anayeliona faili kwa macho na hawezi kulifungua. Watu wa forodha walikuwa mabingwa wa hilo: mwaka, mwezi, mteja, meli, kontena, kisha jina la faili lenye sentensi nzima na majina ya wote waliohusika.

Hatukubeba kwa safari moja. Safari ya kwanza ilifanyika wiki mbili kabla, ofisi ikiendelea na kazi. Baada ya hapo kila usiku saa nne programu ilipita tena, ikichukua kilichobadilika tu, na safari hizo zilikuwa za dakika arobaini, thelathini. Ijumaa jioni tukayafanya mafolda ya zamani yawe ya kusoma tu, tukapita mara ya mwisho Jumamosi, na Jumapili tukaelekeza majina.

Majina, nasema, kwa maana Z ni herufi ya mkato tu, na anayeifungua anafuata jina la seva, kwa mfano \\SEVA01\Hesabu. Ukibadilisha seva, jina linakufa na kila njia ya mkato ofisini inakufa nalo. Dawa yake ni kuweka jina lisilo la mashine yoyote, kama vile sanduku la posta: barua huandikwa S.L.P. fulani, na mwenye sanduku anahama nyumba anavyotaka. Windows ina kitu hicho tayari, huitwa DFS. Unatangaza anwani moja ya kampuni nzima, na nyuma yake unaelekeza kila folda kwenye seva iliyoko leo. Tungekuwa nacho tangu 2011, kuhama kungekuwa kubadilisha mstari mmoja. Ndilo jambo la kwanza ninalolifanya sasa hata kwenye ofisi yenye seva moja na watu wanane, na bado wananiuliza kwa nini najisumbua.

Basi turudi kwa mama wa uhasibu. Kompyuta nyingine zote zilipata Z mpya kupitia maelekezo ya seva zilipowashwa asubuhi. Yake haikupata, kwa sababu miaka minane nyuma mtu alikuja akamwekea Z kwa mkono, na kompyuta ikashikilia agizo la yule wa kwanza. Nilipanda ngazi, nikaifuta, nikaiweka upya. Dakika moja. Akafungua ripoti yake ya mwezi, na Excel ikamwambia haioni vitabu 14 ambavyo ripoti hiyo huchota namba kutoka kwavyo. Kila kiungo kilikuwa kimeandikwa kwa jina kamili la seva ya chini ya ngazi. Hiyo haikuwa dakika moja. Tulikaa wawili hadi saa sita mchana tukibadilisha kiungo kimoja baada ya kingine, yeye akisoma, mimi nikiandika, na kila tulipomaliza kimoja alisema “haya, kingine” kama mwalimu wa darasa la pili.

Wakati huo huo mashine ya fotokopi ya ghorofa ya kwanza ikagoma kutuma nyaraka zilizoskaniwa kwenye folda. Mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa inajua toleo la kwanza tu la SMB, na Windows Server 2019 haiji na toleo hilo. Kulipata ni lazima uliongeze mwenyewe. Kijana niliyekuwa nafanya naye kazi alikwisha kuweka mkono kwenye kipanya ili aliongeze. Nikamzuia. Tundu la usalama kwenye toleo hilo ndilo lililopitisha kirusi cha WannaCry tarehe 12 Mei 2017, kilichofunga kompyuta za hospitali Uingereza, ilhali kiraka chake Microsoft ilikuwa imekitoa Machi. Nyaraka za fotokopi zikaenda kwa barua pepe hadi tulipopata mashine nyingine. Watu walinung'unika wiki nzima.

Hadi saa kumi na moja jioni nilikuwa nimepanda na kushuka ngazi mara zisizo na idadi, na mambo yametulia. Nikaenda nyumbani, nikalala kama gogo.

Saa nne usiku, programu ikapita.

Sikuwa nimeizima. Ile kazi ya kila usiku, ya kuchukua kilichobadilika kwenye seva ya zamani na kukipeleka kwenye mpya, ilikuwa bado kwenye ratiba, na nilikuwa nimeipa agizo la kufanya seva mpya iwe kioo cha ile ya zamani. Kioo hakina huruma. Faili lililotengenezwa Jumatatu halikuwepo kwenye seva ya zamani, kwa hiyo likafutwa. Faili lililorekebishwa Jumatatu lilitofautiana na la zamani, kwa hiyo la zamani likaandikwa juu yake. Robocopy usipoikataza haijali lipi ni jipya. Kwa dakika kama ishirini, ofisi nzima ikarudishwa Ijumaa.

Jumanne simu ilianza saa moja na nusu. Safari hii sikuulizwa Z iko wapi. Nilipofungua daftari la programu na kuona neno la kufuta limepangana mstari chini ya mstari, miguu iliisha nguvu. Nilikaa pale pale stoo, juu ya katoni ya maji.

Kilichotuokoa ni kitu nilichokiwasha bila kukifikiria sana. Windows inaweza kupiga picha ya diski mara kwa mara na kuhifadhi sura ya kila faili lilivyokuwa wakati huo. Ratiba inayokuja nayo ni saa moja asubuhi na saa sita mchana, siku za kazi. Picha ya Jumatatu saa sita ilikuwepo. Tukarudisha kila kitu hadi mchana, pamoja na vile viungo 14, ambavyo tulivimaliza dakika chache kabla ya picha kupigwa. Kazi ya mchana hadi jioni ilipotea moja kwa moja. Watu wa forodha waliingiza upya nyaraka za makontena 11. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, hakupaza sauti, akaniuliza swali moja tu: “Hiyo programu, umeizima?” Nilikuwa nimeizima.

Baada ya hapo nilimsimulia habari ya Maersk, nikijua itamwingia kwa sababu makontena yake anayaona kila siku bandarini. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya, kilichoanzia kwenye programu ya hesabu za kodi nchini Ukraine, kiliingia kwenye mtandao wa kampuni hiyo na kuuteketeza. Mwenyekiti wake wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza baadaye kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Lakini mwandishi Andy Greenberg wa jarida la Wired alileta jambo la ndani zaidi. Seva za Maersk zenye orodha ya watumishi wote na ruhusa zao, zile zinazoitwa domeni kontrola, zilikuwa kama 150 duniani, na kila moja ilikuwa kioo cha mwenzake. Ndiyo ilikuwa bima yao: moja ikifa, nyingine zipo. Hakuna aliyefikiria zote kufa pamoja. Chelezo za seva nyingine zilikuwepo, lakini bila orodha ile hazikuwa na pa kuanzia.

Moja ilikuwa imepona, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya kirusi kufika, na seva ikakaa gizani nje ya mtandao. Intaneti ya huko haikutosha kuituma data hiyo hadi Uingereza, na watumishi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo mmoja akapanda ndege hadi Nigeria na diski, akaikabidhi kwa mwenzake uwanja wa ndege, na huyo akaipeleka London. Mzee alicheka sana. Alisema maishani mwake hakuwahi kusikia kukatika kwa umeme kumemsaidia mtu.

Kisha akaacha kucheka akauliza, “Sisi Ghana yetu iko wapi?”

Ikawa diski mbili za nje zinazobadilishana kila Ijumaa. Moja iko ofisini, nyingine iko nyumbani kwa Mzee, ndani ya kabati la nguo, haijachomekwa popote. Wapo watakaouliza kwa nini tusipeleke kila kitu kwenye wingu tukapumzika. Sehemu tumepeleka, barua pepe hasa. Lakini tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti kudorora nchi nyingi za Afrika Mashariki, watu wangu waliendelea kufungua ankara zao, kwa sababu Z ilikuwa chini ya ngazi ile ile, mita 15 kutoka mezani kwao.

Limebaki la kuizika seva ya zamani. Kitabu chochote kitakwambia uiache iwake mwezi mzima baada ya kuhama. Kinachosaidia zaidi ni kuiacha iwake lakini kuchomoa waya wa mtandao, kisha kungoja uone nani atapiga kelele. Nilichomoa katikati ya Januari 2020. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikaanza kufungua skrubu za kuitoa kwenye rafu.

Siku hiyo hiyo saa tisa alasiri ikaja simu kutoka Tunduma. Kijana wa mizani, ambaye sikuwahi kuonana naye na ambaye hakuwemo kwenye daftari langu lolote, alikuwa anafunga hesabu za mwezi. Alikuwa na njia ya mkato kwenye kompyuta yake, aliyorithi kwa aliyemtangulia. Haikuandikwa jina la seva wala Z. Iliandikwa namba tupu ya seva ya zamani kwenye mtandao: 192.168.1.10.

Nikarudisha waya. Ile tepu ya USIZIME ilikuwa bado imeshika. Nikachukua kalamu nikaongeza chini yake: hadi Ijumaa.